Kuogelea Ziwa Kivu upande wa Goma: maji mazuri, ukingo mkali

Kwa joto la maji, Kivu ni ziwa zuri sana: juu hukaa karibu nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima. Juni hadi Agosti upepo wa kiangazi huchanganya maji ya juu, yakapoa kidogo na mawimbi kuongezeka. Msimu wa mvua toka majini ukisikia radi ya kwanza.

Ukingo ndio tatizo. Mawe ya lava hukata miguu, basi vaa sandali. Hatua chache tu, chini hakuna tena. Asiyejua kuogelea ashike boya. Alfajiri epuka mabonde ya ufukweni: mazuku, gesi nzito kuliko hewa, hutulia humo bila upepo, na huua.