Redio ya sola, *291# na mwalimu wa ploti: huduma za masomo ya nyumbani nilivyoziona Kaptembwo

Kila shule zikifungwa ghafla, mama wenzangu hapa Kaptembwo, Nakuru, hunijia na swali lile lile: mtoto akikaa nyumbani, nimnunulie nini? Waliniuliza Mei 2024, mafuriko yalipochelewesha muhula wa pili. Wakaniuliza tena mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, walimu wa sekondari walipogoma. Mimi ni fundi wa nguo. Mwaka wa 2020 watoto wangu watatu walisomea chumba kimoja nami huku nikishona barakoa, kwa hivyo huduma hizi zote nilizisikia kwa masikio yangu, kuanzia asubuhi hadi saa ya kafyu.

Jibu langu ni hili: nunua redio kwanza, halafu tafuta mtu mzima atakayemjibu mtoto maswali. Ukikosa huyo mtu, nusu ya pesa ya redio imepotea.

Kwa walio na watoto wadogo ambao hawakupitia mambo haya, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini. Shule za kutwa zilifungwa kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano. Kifungua mimba wangu alikuwa darasa la nane, wa katikati gredi ya nne, kitinda mimba gredi ya kwanza. Huyu wa katikati ndiye aliyenisumbua roho zaidi. Gredi ya nne ya mwaka huo ilikuwa kundi la kwanza kabisa la CBC, mtaala mpya wa umilisi, maana yake hakuna kaka wala dada mtaani aliyekuwa na kitabu cha zamani cha kumwazima. Wa darasa la nane angeweza kupekua madaftari ya waliomtangulia. Wa gredi ya nne hakuwa na wa kumfuata.

Redio niliyonunua ni ile ndogo ya sola, karibu na Top Market, shilingi 1,500. Ina paneli mgongoni, betri ya kuchaji, tochi na tundu la memori kadi. Sauti yake inasikika vizuri hata cherehani ikikimbia, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa. Inataka kukaa dirishani. Ukiisogeza ndani chini ya mabati inakwaruza. Paneli yenyewe inatosha Januari na Februari, lakini Julai ya Nakuru ina mawingu na baridi, na siku kama hizo betri haijai kwa jua peke yake. Hakikisha unayonunua ina pia waya wa kuchaji kwa stima. Na usichukue isiyo na tundu la kadi, nitaeleza kwa nini.

Vipindi vya masomo vilitayarishwa na KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, na kurushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa, vingine Redio Taifa, vingine Idhaa ya Kiingereza, Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi nasema bila kuficha kwamba lile lilikuwa jambo jema sana. Mtoto wa Kaptembwo na mtoto wa ndani kabisa Kuresoi walisikia somo moja, saa moja, bila kununua bando. Mwalimu wa redio alisema polepole, akarudia neno, akamwachia mtoto nafasi ya kujibu kwa sauti, na kitinda mimba wangu alimjibu kweli kweli, akisimama wima kama yuko darasani. Masomo ya lugha ndiyo yaliyofana kuliko yote. Matamshi ya Kiingereza ya mtoto huyo yalinyooka, na wa darasa la nane akajifunza kupanga insha kwa kusikia tu.

Hisabati ilikuwa ngumu. Hapo simlaumu mtangazaji, maana redio haichori. Sauti ikisema "chora pembetatu ABC", wa darasa la nane anachora, wa gredi ya nne anakutazama wewe. Ukiwa na suruali ya mteja mkononi na wewe mwenyewe uliachia shule darasa la saba, utamwambia nini? Halafu redio haingoji. Mtoto akibaki nyuma kwenye sehemu za hesabu, kipindi kinaendelea bila yeye, na kesho kinaanza pale ambapo hakufika.

Ndiyo maana nikataja tundu la kadi. Kijana wa duka la sinema, yule anayewatilia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi, alinichotea masomo ya KICD kutoka YouTube, sauti peke yake, kwa shilingi 50. Hapo ndipo redio ilipoanza kusimama ikisimamishwa. Wa gredi ya nne alirudia somo moja la Sayansi hadi akalikariri, na akipotea anarudisha nyuma mwenyewe. Ukiniuliza ni pesa gani niliyoitumia vizuri zaidi mwaka ule, ni hiyo hamsini.

Huduma ya pili ni Shupavu 291, ya Eneza Education na Safaricom. Haitaki simu janja. Kabambe yangu, simu ndogo ya vitufe, ilitosha. Unapiga *291#, unachagua darasa na somo, mada inakuja kwa ujumbe mfupi, halafu maswali ya kuchagua jibu. Ukikosea unaelezwa ulipokosea. Kuna pia nafasi ya kumwandikia mwalimu swali na akakujibu, na hilo ndilo nililolipenda. Mwanzoni mwa korona Safaricom iliitoa bure kwa muda, baadaye ikarudi kulipiwa shilingi chache. Kwa mtahiniwa ni huduma nzuri sana. Kifungua mimba alikuwa anaichukua simu usiku nikishamaliza na wateja, anajipima Sosho Stadi na Sayansi mpaka usingizi umshike. Kwa mtoto wa gredi ya kwanza haifai, kwa sababu anayejifunza kusoma hawezi kufundishwa kwa maandishi madogo kwenye kioo kidogo. Na kama nyumba ina simu moja, na simu hiyo ndiyo ofisi ya mama, panga saa yake mapema, la sivyo mtapigania kila jioni.

Runinga nitaipitia haraka. Edu Channel ya KICD ilikuwa na michoro ambayo redio haina, na walio na runinga nyumbani waliisifu. Sisi hatukuwa nayo, na kuwajaza watoto wa ploti nzima, yaani vyumba vyote vya uwanja mmoja, kwenye sebule ya jirani ndilo jambo hasa tulilokatazwa.

Intaneti nayo ilikuwa ya wenye simu zinazofaa. Mnakumbuka maputo ya kampuni ya Loon? Julai 2020 yalianza kazi na Telkom, yakielea juu angani karibu kilomita 20 na kurusha mtandao wa 4G sehemu za magharibi na kati ya nchi, Nakuru ikiwemo. Watoto wakayatafuta kwa macho juu ya mlima Menengai bila kuyaona. Mtandao ukipita juu ya kichwa chako na simu yako haina 4G, umekupita tu. Januari 2021 kampuni ikatangaza kwamba inafunga.

Kuna shule moja ya kibinafsi, sitaitaja, iliyokuwa ikimfundisha kitinda mimba wangu. Ilituma kazi kwa WhatsApp: picha za kurasa za kitabu, nyingine zimekatika pembeni, nyingine hazisomeki. Nilizipokea kwa simu ya dada yangu na kuziprinti saiba kwa shilingi kumi kila ukurasa. Mwisho wa mwezi ukaja ujumbe wa karo. Mtoto hakusahihishiwa kazi hata moja. Huduma kama hiyo msiilipie. Kazi ya mtoto isiyosahihishwa ni karatasi tu, na wewe ndiye uliyeinunua karatasi.

Sasa nifike kwa kile kilichotuokoa.

Ploti yetu ina vyumba pande mbili, milango ikitazamana, na uwanja mwembamba katikati penye kamba za nguo. Chumba cha mwisho aliishi mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye mshahara wake ulikatika shule zilipofungwa. Walimu wengi wa shule hizo walikuwa hali hiyo hiyo, na huyu alikuwa ameanza kuuza mayai ya kuchemsha kituo cha matatu. Siku moja alisimama mlangoni kwangu akisikiliza kipindi cha Hisabati, akamwona wa gredi ya nne ameduwaa, akauliza, "Mama, naweza?" Akachukua kipande cha makaa, akachora duara sakafuni, akaligawa robo nne. Mtoto akaelewa kabla kipindi hakijaisha.

Wazazi tukakaa tukakubaliana. Shilingi 20 kwa kila mtoto kwa siku, kulipwa Ijumaa. Asiyekuwa nayo aliletea mwalimu unga au makaa. Kila mtoto alikaa kizingitini kwao, barakoa usoni, na mwalimu akasimama katikati. Milango yenyewe ndiyo iliyowatenganisha. Redio yangu ilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti imefunguliwa, na kipindi kikiisha mwalimu anaanza: nani hakuelewa wapi? Kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi kikawa ubao. Chifu alipita asubuhi moja, akawatazama watoto mlango kwa mlango, akasalimia, akaendelea na njia yake.

Hiyo ndiyo huduma ninayoipa alama zote, na haiuzwi dukani. Redio ilileta somo lililotayarishwa na wataalamu, mtaala kamili, kitu ambacho mwalimu mmoja asiye na vitabu asingeweza. Mwalimu akaleta kile ambacho redio haina: alimwona mtoto. Alijua nani amelala njaa, nani anajifanya ameelewa. Tangu hapo, mtu akinionyesha programu ya simu ya kufundisha watoto, namwuliza kitu kimoja tu, mtoto akikwama anajibiwa na nani, na baada ya muda gani?

Kisha shule zikarudi kwa mafungu. Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alikuwa ametangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea, tungoje Januari. Nilimwona kifungua mimba akikunja madaftari yake na kuyaweka chini ya kitanda. Lakini Oktoba mambo yakabadilika: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne waliitwa warudi tarehe 12. Wawili wangu kwa pamoja!

Shule ya umma ya mtaani ilifanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na matangi ya maji langoni, kipimajoto cha paji la uso, na gredi ya nne na darasa la nane tu shule nzima, hivyo kila mtoto alipata dawati lake. Walimu hawakuanza ukurasa mpya. Walianza kwa kuwapima watoto wajue nani alisoma na nani alichunga ng'ombe. Wa gredi ya nne alipelekwa mbele kusoma, akasoma. Mwalimu wake alinipigia simu jioni kuniuliza nilimfundisha vipi.

Januari 4, 2021 waliporudi wote, hali ilikuwa nyingine. Umbali wa mita moja haukuwezekana kwenye darasa lililojaa, na Profesa Magoha mwenyewe alisema wengine wasomee chini ya miti. Wakasomea chini ya miti. Barakoa mbili kila mtoto, na hapo cherehani yangu haikulala. Za watoto wa ploti nilizishona bure kutokana na vipande vya vitambaa.

Kifungua mimba alifanya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Machi 2021. Siku mbili baadaye Nakuru ilifungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, masomo ya darasani yakasimamishwa isipokuwa kwa watahiniwa. Safari hii hatukushtuka. Redio ilirudi juu ya ndoo, mwalimu akaamka na ubao wake. Walioumia ni waliohama ploti na kukosa kundi.

Yaliyofuata mnayajua: kalenda ya kubanwa, likizo za siku chache, mwaka wa masomo wa 2021 kuanza Julai 26, na karo kudaiwa mara nne ndani ya miezi kumi na miwili. Mambo yalitulia Januari 2023, mwaka ambao wa gredi ya nne wangu aliingia gredi ya saba na wenzake wa kundi la kwanza.

Nina ombi kwa wote wanaopanga masomo ya mbali. Ratiba ya vipindi ibandikwe kwa chifu, dukani na kwenye vituo vya matatu, kwa herufi kubwa, kila wiki. Mwenye kabambe hafungui faili la PDF. Somo zuri likipita hewani bila mtoto kujua saa yake, ni kama halikurushwa.

Na kwenu wazazi: mkipata mwalimu wa ploti, mlipeni kila Ijumaa bila kukumbushwa. Wa kwetu alipata kazi shule nyingine mwaka wa 2021 akahamia Njoro. Wazazi tulimchangia nauli na godoro jipya, na watoto wakamsindikiza mpaka kituoni wakibeba vitabu vyake.