Darkest Dungeon na wenzake: RPG za kutisha nlizocheza, na ipi ya kununua kwanza

Nianze na swali ambalo wenzangu huniuliza sana. RPG, yaani gemu ya kumlea mhusika wako akizidi kupata nguvu, ikichanganywa na mambo ya kutisha, inatisha kweli ama ni mapambo tu? Nyingi ni mapambo. Utawekewa makaburi, ukungu, popo na kinanda cha huzuni, alafu ukishapanda levo mbili tatu ukapata upanga wa maana, lile dude lililokua likikutoa jasho unaligonga mara mbili limelala, hofu imekwisha, kilichobaki ni kuokota vitu. RPG kazi yake ni kukuongezea nguvu, na hofu inamtaka mtu asiyekua nazo, sasa hapo ndo gemu nyingi hukwama. Zile chache zilizoweza zimeacha kutegemea sura ya zimwi, zinakutisha na kile ulichokijenga kwa mikono yako na chaweza kuondoka saa yoyote. Katika zote nlizogusa, Darkest Dungeon ndo imenikamata vibaya, kwa hio hii rivyu ni yake haswa, hizo zingine ntazipitia njiani.

Imetengenezwa na Red Hook Studios, watu wa Vancouver kule Canada, ikatoka rasmi Januari 2016. Hadithi yenyewe si ndefu: mzee mmoja wa ukoo alikua na jumba na mali, ikamuingia tamaa ya kujua kuna nini chini ya jumba, akachimba na kuchimba mpaka akakiamsha kisichofaa kuamshwa. Anakuandikia barua uje nyumbani ulisafishe. Basi wewe ndo mrithi, unapokea kijiji kilichooza na deni la mtu mwingine. Sauti ya huyo mzee inakufuata gemu nzima, ni ya Wayne June, na wallahi hio sauti peke yake ni nusu ya bei. Kiingereza chake ni kizito, maneno mengine utatafuta kamusi, lakini hata usipoelewa yote mwili unaelewa.

Kucheza kwake ni hivi. Unaajiri watu, unawapeleka wanne wanne kwenye magofu, msitu, mashimo ama mapango ya pwani, mnapigana kwa zamu, anayebaki hai anarudi na vitu. Mpaka hapo ni RPG ya kawaida. Sasa kila mtu ana damu yake na pia ana msongo wa mawazo, na huo nao unahesabiwa. Giza linauongeza, adui akikupiga pigo la nguvu unapanda, mwenzako akianguka unapanda. Ukifika 100 skrini inanyamaza, sura ya huyo mtu inakuja mbele, na hapo ama anajikaza anakua shujaa, ama anavunjika, na wengi huvunjika. Kuna anayeanza kumshuku kila mtu, kuna anayekata tamaa, kuna anayetukana wenzake mpaka nao msongo wao unapanda. Ukifika 200 moyo unagoma.

Nikupe mfano mmoja. Nlikua nimeingia mapango ya pwani, yale ya watu samaki, na mimi mtoto wa Mombasa nlidhani hapo ntakua nyumbani, kumbe hapo ndo pabaya. (Bosi mmoja wa hapo, yaani adui mkubwa, ni nguva anayemwita mtu wako na anahama kweli, anaanza kukupiga wewe. Nani wa Pwani hajasikia visa kama hivo?) Mbele nlimuweka Reynauld, nyuma yake Dismas, hawa ndo wawili unaoanza nao gemu kwa hio unawazoea kama ndugu. Nyuma kabisa yuko mtawa wa kutibu. Dismas alikua ashavunjika, hamuamini mtu. Damu yake ikafika sifuri, ambayo hapa si kifo bado, unakua umesimama mlangoni na kila pigo linalofuata laweza kua la mwisho. Zamu ya mtawa ikafika, nkamwambia mtibu Dismas. Dismas akakataa kutibiwa. Akakataa! Nkabaki nimetoa macho, nkaongea na skrini peke yangu, "yakhe kubali basi dawa, kubali", mamangu chumba cha pili akauliza unazungumza na nani saa hizi. Zamu ya adui ikaja, pigo moja, Dismas kaenda.

Na hapo hapo stima ikapotea mtaa mzima. Laptopu yangu betri lishakufa kitambo, inaishi kwa waya, kwa hio ilizima pu. Nkafurahi, nkasema afadhali, stima ikirudi ntaanza upya kabla hajafa. Ilirudi karibu na alfajiri nkawasha mbio mbio, Dismas hayupo, wamebaki watatu. Hii gemu inajisevu yenyewe kila hatua, hakuna kurudi nyuma, jina lake ukirudi kijijini unalikuta makaburini. Sasa huyo mtu nlikua nimempandisha levo, nimemnolea kisu, nimelipia matibabu yake. Hakuna zimwi la gemu yoyote lililonikosesha usingizi kama hilo kaburi.

Kingine nlichokipenda ni mwenge. Ukiwa unawaka vizuri unaona mbele na watu wako wametulia, ukiuacha ufifie msongo unapanda na maadui wanakua wakali, lakini mali inayodondoka inaongezeka. Kwa hio gemu haikulazimishi uende gizani, inakuachia tamaa yako ikupeleke.

Alafu kuna kile ambacho hakuna anayekuambia. Watu wapya wanakuja na gari la farasi kila wiki, bure, hulipi chochote kuwaajiri. Kutibu mtu aliyevunjika ni pesa, kumpeleka baa apunguze mawazo ni pesa, kanisani ni pesa, na Reynauld ana tabia ya kudokoa, akiona sanduku anajifungulia mwenyewe vitu vinapotea, kumponya hio tabia pia ni pesa. Kwa hio ukikaa ukapiga hesabu unaona bora uchukue wanne wapya, uwape chakula kidogo, uwaingize bila mwenge, wakirudi wamechanganyikiwa na magunia yamejaa unachukua mali unawafukuza, wiki ijayo wako wengine. Nimefanya hivo. Si mara moja. Na gemu haikulaumu, inakuacha tu uone umekua mtu gani, na unagundua unafanana na yule mzee wa barua. Kuna matajiri hapa mjini wanaendesha biashara hivi hivi na hawajawahi kushika pedi ya gemu maishani.

Sasa wenzake. Bloodborne ya FromSoftware, 2015, chini ya Hidetaka Miyazaki, nlianza kuicheza kwa sehemu ya plei mtaani, pale unapolipia kucheza PlayStation, manake PS4 yangu nlikua sina. Hapo nikwambie ukweli, RPG na sehemu za plei haziendani. Biashara yao ni mpira, mechi inaisha haraka, pesa inaingia, vijana wengine wamejipanga nyuma na viazi vya karai mkononi wanakuangalia unavyokufa kwa mbwa yule yule na kuuliza "huyu anamaliza saa ngapi?" Siku moja nkaja nkakuta akaunti nlokua nikitumia imefutwa ili itengenezwe nyingine ya mpira, na sevu imeenda nayo. Baadae nlipata mashine ya mitumba ndo nkaimaliza.

Lakini Bloodborne inalijua lile tatizo la nguvu kuua hofu, na dawa yake ni ya kijanja sana. Kuna hesabu inaitwa Insight, inapanda ukikutana na bosi ama ukijua siri ambayo binadamu hafai kuijua. Bila kua nayo hata moja, yule mwanasesere anayekupandisha levo hasongi, yuko kama kitu cha mbao. Kwa hio kukua lazima uanze kuona. Na ukiendelea kuona, unaona zaidi ya ulivotaka: ikifika 40 unainua macho kwenye kanisa ulilokua unapita kila siku, unakuta jitu kubwa la mikono mingi limekumbatia ukuta, na lilikuako tangu mwanzo. Na pia Insight ikiwa juu wazimu unakupata haraka zaidi. Hapo nlitoa hedifoni nkaenda kunywa maji. Kasoro yake ni chupa za damu za kujitibu, unabeba 20 na ukifa zinajazwa kutoka stoo yako tu, stoo ikiisha unazunguka kuua vijitu vya mwanzo ili upate zingine, na ukimuua mtu yule yule mara mia hakutishi tena, anakua kibarua.

Parasite Eve ya 1998 naiweka kwa mapenzi zaidi kuliko haki. Binamu yangu mkubwa kule Kisauni alikua na PS1, mimi mdogo nakaa pembeni naangalia. Mkesha wa Krismasi, New York, watu wako ndani ya Carnegie Hall wanasikiliza opera, ghafla ukumbi mzima unawaka moto, watu wenyewe ndo wanaowaka, polisi mmoja wa kike jina Aya Brea ndo haungui. Kuna video ya panya anageuka pale, mpaka leo sipendi panya. Wakati wa vita unatembea huku na huku unangoja zamu yako ijae, mpya sana kwa wakati ule. Lakini bunduki unaiongezea nguvu mpaka mwisho unapiga tu, hofu yote imebaki huko mwanzoni.

Fear & Hunger, 2018, ya mtu wa Finland anaitwa Miro Haverinen, nayo iko upande wa pili kabisa. Unaweza kukatwa mkono na mkono haurudi, silaha ya mikono miwili usahau. Wakati mwingine uhai wako unaamuliwa kwa kurusha sarafu. Ni ya akili, siikatai, lakini ina uchafu mwingi, mambo ya ukatili wa kimwili ambayo sikuona sababu ya kuyatazama, nkaiacha njiani na sijutii. Kama nyumbani kuna watoto wanaogusa hio kompyuta, hata usiidaunlodi.

Turudi kwa Darkest Dungeon, manake nayo si malaika. Ugonjwa wake ni urefu. Katikati inaanza kujirudia, magofu yale yale, mapigano yale yale, na ukipoteza timu nzuri mwishoni inabidi ulee wengine kutoka chini. Waliopanda levo sana wanakataa kwenda kazi ndogo ndogo, na waliotoka hai kwenye lile shimo la mwisho hawakubali kurudi tena, jambo ambalo kwa hadithi nalielewa, lakini kwa mtu anayefanya kazi mchana na kucheza usiku, ni mateso. Chagua ile hali inaitwa Radiant, inapunguza huo mzunguko na hofu haipungui. Ile ngumu waachie wenye muda. Jengine, bahati ina mkono mrefu sana hapa, kuna siku utafanya kila kitu sawa na bado mtu atakufa, kama wewe ni wa kurusha pedi ukutani basi fikiria mara mbili.

Uzuri wake kwetu ni kwamba ni michoro bapa, wino mweusi mzito, haitaki mashine kubwa. Laptopu yangu ya mitumba isiyo na kadi ya grafiki inaibeba bila shida, feni tu ndo inapiga kelele, na hapa Mombasa nani hana feni inayopiga kelele. Ukishaidaunlodi haitaki bando tena, unacheza bila intaneti. Iko pia PS4, Switch na iPad. Kwa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, bei kamili ni dola 24.99 lakini usithubutu kulipa hio, huwekwa ofa mara kwa mara na inashuka sana, ngoja.

Ukiniuliza mpangilio: Darkest Dungeon kwanza kwa sababu ya bei na mashine, Bloodborne ukipata PS4 yako mwenyewe (yako, si ya mtaani), Parasite Eve kama una mtu mwenye CD ya zamani. Darkest Dungeon naipa nane juu ya kumi, mbili nimezikata kwa ule mzunguko wa katikati. Ya pili yake ilitoka 2023, hio imebadilishwa, mnasafiri na gari la farasi na kila safari inaanza upya, ndugu yangu mmoja ashaimaliza ananisumbua niinunue, nshamwambia nangoja ofa.