Makaa au hita ya gesi: baridi ya Julai, Molo

Molo, mji wa Kenya, iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake haina adabu. Jiko la makaa ni rahisi kununua, tena chai inachemka hapo hapo. Lakini makaa yakiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukilala na jiko mlango umefungwa, huenda usiamke.

Hita ya mtungi wa gesi wa kilo 13 huwaka mara moja, ila nayo hutoa sumu hiyo ikikosa hewa. Acha dirisha wazi kidogo. Mwali uwe wa buluu. Ukigeuka manjano, zima umwite fundi. Paka mpira wa gesi povu la sabuni: viputo vikizidi kutokea, unavuja. Mimi nachagua hita, na usiku naizima, blanketi mbili zinatosha.