Salfa ya punje kwa miti ya holi iliyopata njano, uzoefu wangu

Naishi Maryland huku Marekani mwaka wa sita sasa, na mbele ya nyumba tuna miti miwili ya holi, ile ya majani ya miiba na vitunda vyekundu inayochorwa kwenye kadi za Krismasi. Mwaka juzi majani machanga yakaanza kutoka ya njano, mishipa tu ndo imebaki kijani, yani ukiliinua jani juani unaona kama wavu. Nikakimbilia duka la bustani wakanipa dawa ya ukungu, nikapuliza mara tatu, hela imeenda na majani yako vile vile.

Mama mmoja jirani ndo akaniambia mwanangu pima udongo kwanza. Nikachota kidogo kidogo sehemu kumi kuzunguka miti, kina cha inchi 6, nikachanganya kwenye ndoo ya plastiki, nikaanika, nikatuma maabara. Majibu yakaja pH 7.3 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo asidi inazidi). Kumbe holi inataka udongo wa asidi, 5 hadi 6 hivi, ukizidi sana hapo chuma kinakuwepo ardhini ila mizizi haiwezi kukivuta, ndo majani yanatoka njano. Na chokaa, inayopunguza asidi, tulikuwa tunamwaga wenyewe kwenye nyasi kila vuli, mvua inaishusha hadi kwenye mizizi ya holi! Iliniuma kwa kweli.

Sasa salfa. Mimi ni mtoto wa Masasi, salfa naijua toka utoto, ile ya unga tunayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Hii ni ile ile ila ya punje na haiendi kwenye majani, unaimwaga chini, unaifukia kidogo sana maana mizizi ya holi iko juu juu ukichimba unaikata, halafu unamwagilia maji ya kutosha. Bakteria wa kwenye udongo ndo wanaigeuza kuwa asidi na wao wanataka joto, kwa hiyo niliweka mwezi wa tano, paundi 1 kwa kila futi 100 za mraba kama maabara walivyoandika, usizidishe, ukizidisha unaunguza mizizi.

Naipa nyota 4. Moja nimeitoa kwa sababu inachelewa mno, kiangazi chote sikuona kitu, na vumbi lake linawasha macho vibaya, vaa miwani. Ila masika yaliyofuata majani mapya yalitoka kijani kizito kinachong'aa, nilimwita mume wangu aje ashike. Nikapima tena, 6.5.

Ukiona majani ya zamani ya ndani yanapata njano na kudondoka masika usihangaike, holi ndo inavyobadilisha majani, na vile vitundu kama vya sindano mara nyingi ni miiba ya majani yenyewe yakichomana kwenye upepo, nilikuwa navipulizia dawa na hivyo.

Mti wa karibu na ngazi za saruji bado una tawi moja la njano, saruji nayo ina chokaa, huo nimeurudishia salfa mwezi wa tano huu.