Pa Kula na Pa Kunywa Mtwapa, Tukianza na Palipo Bora

Mtu anayefika Mtwapa kwa mara ya kwanza jioni ya Jumamosi, akashuka kwenye matatu mara tu baada ya kuvuka daraja kutoka upande wa Mombasa, hupokewa na muziki wa baa zilizojipanga pande zote mbili za barabara ya Malindi, na ni rahisi aamini kwamba mji wote ni huo. Sifa ya Mtwapa ya kutolala usiku imeenea Kenya nzima. Hata hivyo, sisi tunaokaa hapa tunajua kwamba fedha nyingi za wageni huishia katika hatua chache za kwanza kutoka steji, ilhali chakula cha maana kiko vichochoroni nyuma ya baa hizo, au kule chini kwenye mkono wa bahari. Katika kupanga sehemu hizi nimetumia kipimo kimoja: je, mnunuzi anaweza kukiona kinachopikwa kabla ya kukilipia?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa hoteli za Kiswahili, zile ndogo zenye meza nne au tano, benchi za mbao na ndoo ya maji ya kunawa mlangoni. Huko sufuria hufunuliwa mbele yako, na ukiuliza kilichobaki utaambiwa ukweli, kwa kuwa mpishi na mwenye hoteli mara nyingi ni mtu mmoja. Siku ya kwenda ni Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, wakati biriani na pilau zinapoteremshwa jikoni. Biriani usiihukumu kwa rangi ya wali, bali kwa rojo: iwe nzito, vitunguu vyake viwe vimekaangwa hadi vikayeyuka, na nyama iachie mfupa bila kuvutwa. Ukichelewa hadi saa tisa alasiri utakuta ukoko. Asubuhi hoteli hizo hizo huuza mahamri na mbaazi za nazi, na jioni kina mama hutandaza karai nje kwa ajili ya viazi, bajia na mishkaki. Simama kidogo kabla ya kuagiza, utazame mafuta. Kiazi kikitumbukizwa, mafuta safi huchemka kwa povu jeupe na unaiona rangi ya njano ya unga ikikauka taratibu. Mafuta yaliyochoka ni meusi, hutoa moshi, na kiazi hutoka na madoa. Mwenye mafuta meusi mpite, hata kama ukwaju wake unasifiwa mtaa mzima. Katika mwezi wa Ramadhani nyingi ya hoteli hizi hufungwa mchana, lakini kuanzia magharibi hakuna mahali pwani hii pa kuzishinda.

Nafasi ya pili ni ya migahawa ya ukingoni mwa mkono wa bahari, na ninakiri kwamba kwa mandhari peke yake ingekuwa ya kwanza. The Moorings, mgahawa unaoelea juu ya maji, ndio uliojulikana zaidi kwa miaka mingi, na kula hapo jua likitua nyuma ya mikoko ni jambo ambalo kila mgeni wangu nimemtakia. Bei ziko juu kuliko za mjini, kwa hiyo hakikisha unanunua samaki wa leo. Mwombe mhudumu, kwa adabu, akuletee samaki mbichi umwone: macho yawe angavu na yaliyotuna, matamvua yawe mekundu, na ukiubonyeza mwili kwa kidole urudi mahali pake. Mhudumu anayeijua kazi yake hatachukizwa. Changu na tafi hufaa kuchomwa wazima. Nguru na kolekole ni wa kukatwa vipande na kupakwa nazi. Kaa wa mikoko anunuliwe akiwa hai na mzito mkononi, kwa maana kaa mwepesi ana maji mengi kuliko nyama. Kumbuka pia majira. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, samaki hupungua na bei hupanda. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba hivi hadi Machi, chaguo ni pana. Anayefika mapema na apitie kwanza magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14, ambao kuta za msikiti wake mmoja bado zimesimama karibu na ufuo.

Za tatu ni baa za nyama choma zenye bucha yake mbele, na hapa ndipo mnunuzi anahitaji kuwa macho zaidi. Nyama huchaguliwa ikiwa bado inaning'inia, hupimwa mbichi, kisha hupelekwa kwenye makaa, na uzito unaoulipia ni ule wa mbichi. Kilo moja ya mbuzi yenye mfupa hupungua sana motoni, ila kwa watu wawili wanaokula na ugali na kachumbari inatosha. Kwa hiyo nyama yako itiwe alama kabla ya kwenda motoni, isije ikabadilishwa. Ninasisitiza kuweka alama kwa sababu yalinifika. Katika baa moja ya hapa mjini nilichagua paja, likapimwa kilo moja na nusu mbele ya macho yangu, na baada ya saa moja na robo nikaletewa ubao wenye mbavu na mifupa ya shingo. Tangu siku hiyo humwomba mchomaji atie chale tatu kwenye nyama yangu kabla haijaondoka kwenye mizani, na sijabadilishiwa tena. Nenda na subira: nyama ya mbuzi iliyoletwa kwa dakika ishirini ilichomwa kwa ajili ya mtu mwingine, ikapashwa moto kwa ajili yako.

Nafasi ya nne ni mangwe, yaani vilabu vya mnazi, ambavyo wageni wengi huvipita bila kuviona. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na kinywaji hubadilika kadiri saa zinavyokwenda: kilichoteremshwa punde ni kitamu na chepesi, cha jana ni kikali chenye uchachu. Uliza kimegemwa lini, kisha agiza kidogo, na unywe kwa mrija wenye kichujio mwishoni ili usimeze takataka za mti. Uyasikie na mazungumzo ya wazee wa Kigiriama mezani, ambayo hayauzwi mahali pengine.

Nimeziweka mwisho baa kubwa na vilabu vya usiku vya barabarani, wala si kwa chuki, maana vina wanamuziki wazuri na bia baridi. Ni kwamba chakula chake hutoka jikoni usikokuona, na bei hubadilika muziki unapopanda. Kula kwanza kwingine, ndipo uje kucheza. Chupa ifunguliwe mezani kwako, na unapolipa kwa M-Pesa lisome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Sheria ya vileo ya 2010 iliziwekea baa za kawaida saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku katika siku za kazi, na saa nane mchana kuwa mwanzo wikendi, huku vilabu vya usiku vikipewa hadi saa tisa usiku. Panga usafiri wako kwa kufuata saa hizo, na patana nauli na mwenye tuktuk kabla hujapanda.