Darubini ya 20x50 niliyoinunua Lubumbashi kwenda kuangalia nyangumi

Mkoba, kamba na maandishi ya dhahabu ubavuni siviongelei. Darubini hii inaonyesha nyangumi wawili pale alipo mmoja, na aliyeniuzia mjini kati hakutaka hata kuishika aone.

Tatizo si macho. Ndani ya kila bomba mna prizimu mbili, vipande vya kioo vinavyoigeuza picha isimame wima. Darubini nzuri huzibana kwa chuma. Hii imeziwekea tone la gundi. Gari likirukaruka kwenye mashimo, prizimu inahama kidogo tu, basi mabomba hayatazami tena mahali pamoja. Ubongo unahangaika kuziunganisha picha mbili, unashindwa, na muda si mrefu kichwa kinagonga na tumbo linachafuka.

Na huko De Hoop, Afrika Kusini, kutazama ndiyo kazi yenyewe. Huna haja ya mashua. Unakaa juu ya vilima vya mchanga vya Koppie Alleen, kati ya Juni na Novemba, Agosti na Septemba wakiwa wengi zaidi, na majike wanakuja kuzaa na kunyonyesha karibu na ufuko. Hawa ni nyangumi wa kusini wasio na pezi mgongoni, kwa hiyo tafuta pumzi: mvuke unaopanda kwa umbo la V. Halafu tafuta sugu za kichwani. Weupe wake ni chawa wa nyangumi waliojaa juu yake, na mpangilio wa sugu ndio sura ya kila mmoja; hakuna wawili wanaofanana.

Kwa darubini hii sugu zinageuka ukungu. Ukikuza mara 20 bila kiegemeo, unakuza na mtetemeko wa mkono. Tena 50, yaani upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ukigawanya kwa 20, jicho linapata duara la mwanga la milimita 2.5 tu. Ya 8x42 inakupa zaidi ya 5, na inatulia. Ile lenzi nyekundu inayopendeza dukani inarudisha mwanga mwekundu nje. Bahari inabaki kijani na mvuke humo unapotea.

Nilipoirudisha, muuzaji hakuinua uso kwenye simu yake. "Papa, ulishalipa, ulishabeba. Nyangumi iko wapi huku Lubumbashi?" Mbele ya wateja wote.

Haki isemwe hata hivyo. Fumba jicho la kushoto, tumia bomba la kulia peke yake, weka viwiko juu ya magoti: picha inakuwa moja. Hivyo ndivyo nilivyomwona ndama amelala ubavu kwa ubavu na mama yake, sugu zake ndogo zikionekana vizuri. Nilikuwa nataka kuandika kwamba mwenye pesa kidogo aichukue tu. Hapana, nafuta. Nililipia macho mawili.

Anayeitaka bado, atoke nayo nje ya duka kabla ya kutoa pesa. Ielekeze kwenye ncha ya dohani ya kampuni ya madini ya Gécamines, macho yote mawili wazi, kisha uisogeze polepole mbali na uso, kama upana wa kiganja. Ncha ikiachana, moja juu na nyingine chini, mrudishie hapo hapo.