PANGAEA: kutafuta data za mashapo ya bahari kuu safi, kujua zimetumikaje ndo kasheshe

Wengi tunaingia PANGAEA tunachota data tunasepa, hatusemi kitu, basi wacha leo mimi niseme. Hii ni hifadhi ya data inayoendeshwa Ujerumani na Taasisi ya Alfred Wegener pamoja na MARUM, kituo cha sayansi ya bahari cha Chuo Kikuu cha Bremen, na kwa mtu anayechunguza mashapo ya bahari kuu, yaani tope lililotuama sakafuni, kiukweli sijui angeanzia wapi bila hiyo. Kila seti ya data ina DOI yake, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni, data nyingi ziko chini ya leseni ya CC-BY, yaani chukua, tumia, ila mtaje mwenyewe.

Ukifungua faili, juu kabisa kuna maelezo yamefungiwa kati ya /* na */ na utamu wote uko humo: latitudo, longitudo, kina cha maji, meli ilikuwa gani, kifaa gani kilichimba. Chini yake ndo safu za namba, kina ndani ya tope, umri kwa maelfu ya miaka, isotopu za oksijeni (aina za oksijeni zenye uzito tofauti) kwenye maganda ya foraminifera, viumbe wadogo sana wa baharini. Ukilitupa hivyo hivyo kwenye programu ya jedwali litakuvurugikia, bora utumie pangaeapy (ya Python) au pangaear (ya R) ikusomee yenyewe.

Sasa njoo kwenye kupima hizo data zimemsaidia nani, hapo ndo pana shida, na kosa wala siyo la PANGAEA peke yake. Chukua LR04, ule mkunjo wa isotopu za oksijeni kwenye grafu ambao watafiti Lisiecki na Raymo walitoa 2005, waliunganisha rekodi 57 za kutoka bahari mbalimbali wakapata historia ya miaka milioni 5.3, na mpaka leo ukitaka kukadiria umri wa mashapo yako lazima utapita hapo. Wananukuliwa kinoma na wanastahili. Lakini kuna watu walikaa kwenye hadubini wakiokota maganda madogo moja moja kwa brashi, sampuli baada ya sampuli, mashapo ya kituo cha uchimbaji namba 607 Atlantiki ya Kaskazini, ya 849 kule Pasifiki, hao nani anawahesabu? Rekodi ikishamezwa na mkusanyiko, anayetumia mkusanyiko ananukuu mkusanyiko basi, mnyororo umekatika hapo.

Halafu kuna wanaonukuu makala badala ya data yenyewe. Wengine wanaweka DOI zote kwenye kiambatisho wanajiona wamemaliza, kumbe fahirisi za nukuu, zile hifadhidata zinazohesabu nani kamnukuu nani, mara nyingi hazisomi viambatisho. Na seti zenyewe zina mama na watoto, yaani seti kubwa na seti ndogo zilizo ndani yake, kila mmoja na DOI yake, huyu ananukuu mama yule ananukuu mtoto, hesabu inagawanyika.

Mtu atasema si tuhesabu upakuaji. Sawa, kuna kanuni za COUNTER, za kuhesabu matumizi ya machapisho na data mtandaoni, kwa data za utafiti toka 2018, roboti wanatolewa na ukibofya mara mbili ndani ya sekunde 30 inahesabiwa moja, vizuri tu, ila bado namba haikuambii kama aliyepakua aliitumia au alichungulia akafunga. Mmoja anapakua mara moja anajengea modeli ya miaka kumi, mwingine skripti yake inavuta faili lile lile kila usiku. Nani ana faida kubwa hapo?

Na hii siyo kutafuta sifa tu bana. Kuchimba sakafu ya bahari ni ghali ajabu, meli ya uchimbaji JOIDES Resolution imemaliza safari zake za IODP, mpango wa kimataifa wa kuchimba sakafu ya bahari, 2024, kwa hiyo data za zamani, hata zile za DSDP, mradi wa zamani wa uchimbaji ulioanza 1968, ndo zitabeba kazi nyingi, na mfadhili akiuliza kwa nini aendelee kulipia hifadhi unamuonyesha nini?

Mimi naipa nyota nne. Ukitengeneza mkusanyiko weka DOI za kila rekodi kwenye orodha kuu ya marejeo, mhariri wa jarida akilalamika kwamba ni ndefu mbishie. Na kama una data zimelala kwenye diski zipeleke, kuna wahariri wanaokagua kabla hazijatoka, we jiandae tu kuulizwa vipimo vya kila safu na umri uliupataje.